Sukari ya Mbwa: Ikipanda, Ikishuka



Mbwa akidondoka pale stendi ya Tukuyu, miguu inapiga hewani, povu linamtoka mdomoni, watu hawahitaji kuulizana. Kichaa. Mwenye mbwa hajafika, mawe yameshaokotwa. Siwalaumu wanaookota mawe hayo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, hakuna hospitali ya kumrudisha, si Makandana, si Mbeya, si Muhimbili, na aliyewahi kumzika mtoto kwa ugonjwa huo huwezi kumwambia asiogope. Lakini wapo mbwa wanaoanguka vilevile na kichaa hawana. Mwingine kala sumu. Mwingine ana kifafa. Mwingine ananyonyesha watoto saba na kalsiamu imemwishia mwilini. Na mwingine sukari ya damu imemshuka, asali ya kijiko kimoja au viwili ingetosha kumsimamisha.

Leo nataka tuzungumze juu ya huyo wa mwisho, na juu ya mwenzake ambaye sukari imempanda mpaka mwili umeanza kujitia sumu wenyewe. Wote wawili wana ugonjwa mmoja, kisukari. Ila dharura zao ni mbili, zinakwenda kinyume, na dawa ya mmoja inamuua mwingine.

Najua wapo watakaosema kisukari ni ugonjwa wa watu. Sivyo. Uingereza, ambako kumbukumbu za kliniki za wanyama hutunzwa na kuhesabiwa, mbwa kama 3 katika kila 1,000 wanaopelekwa kwa daktari wanakutwa nacho. Kwetu mbwa wengi wa vijijini hawafikii umri wa kukiugua, maana kisukari humpata zaidi mbwa wa miaka saba, minane, na kuendelea. Lakini Rungwe ya leo ina mbwa wengine pia. Yuko anayelinda kiwanda cha chai, yuko wa nyumba ya mwalimu mstaafu, yuko wa duka la jumla pale mjini. Anapata chanjo, anakula kila siku, analala chini ya paa. Huyo anafika miaka kumi, na ndiye ninayemzungumzia.

Tena kwa habari ya kisukari binadamu ana deni kwa mbwa. Mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho wapate kujua kiungo hicho kinafanya kazi gani. Mbwa yule akaanza kukojoa mara kwa mara, na mkojo ulipopimwa ukakutwa na sukari tele. Ndipo ikajulikana kwamba kisukari kinaanzia kwenye kongosho. Mwaka 1921, mjini Toronto, Frederick Banting na Charles Best waliwatunza mbwa waliotolewa kongosho kwa kuwadunga maji yaliyokamuliwa kutoka kongosho za wanyama wengine. Mmoja wao, aliyeitwa Marjorie, aliishi siku zipatazo 70, wakati bila sindano zile angekufa mapema sana. Tarehe 11 Januari 1922 mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa dawa hiyo katika hospitali ya mji huohuo. Kila anayejidunga insulini asubuhi ya leo, awe Tukuyu, Kyela au Dar es Salaam, anaishi kwa jambo lililojulikana kwanza kwa mbwa. Kwa hiyo naona si haki mbwa huyohuyo afe mlangoni petu kwa ugonjwa uleule, na dawa ipo.

Sasa tuanze pale ambapo mwenye mbwa angeweza kuona mapema. Tuseme una mbwa jike wa miaka minane, jina lake Popi. Hajafungwa kizazi, kama mbwa jike wengi wa kwetu. Alipata joto miezi miwili iliyopita. Sasa anakunywa maji kuliko kawaida yake. Sufuria uliyokuwa ukiijaza asubuhi ikafika jioni, sasa saa nne imekauka, naye anakwenda kulamba maji ya mvua kwenye mfereji. Anakojoa sana, hata usiku, hata pale alipolala. Anakula vizuri, pengine kuliko zamani, na bado anakonda: uti wa mgongo unaanza kuonekana na nyama za mapaja zinaisha. Angalia na pale anapokojoa, kwenye saruji ya ukumbi au kwenye jiwe la ngazi. Mkojo ukikauka sisimizi wakaja kwa msururu kuulamba, una sukari. Waganga wa kale wa Bara Hindi walikitambua kisukari kwa njia hiyo karne nyingi kabla ya maabara. Macho nayo yanabadilika. Mbwa wengi wenye kisukari hupata mtoto wa jicho ndani ya mwaka mmoja hivi, mboni inakuwa nyeupe kama maziwa, na mnyama anaanza kugonga miguu ya meza.

Nimetaja joto kwa makusudi. Baada ya joto, mwili wa mbwa jike hukaa wiki nyingi na homoni zilezile za mimba hata kama hakupandwa, na homoni hizo huizuia insulini isifanye kazi yake. Wengi huanza kuugua hapo. Kumfunga kizazi mapema kunamkinga. Na kama ameshaugua, daktari atataka kumfunga pia, kwa sababu bila hivyo kila joto litavuruga dozi. Lakini msikilizaji, angalia jambo hili: mbwa jike anayekunywa maji sana, anatapika na amelegea wiki chache baada ya joto anaweza pia kuwa na usaha kwenye mji wa mimba. Hilo nalo linaua, na tiba yake ni upasuaji. Usimpachike jina la ugonjwa kwa kubahatisha. Kijiti cha kupimia mkojo, kilekile kinachotumika hospitali za watu, kinaonyesha sukari na ketoni kwa dakika moja tu.

Yapo na mambo mawili ambayo sisi wenyewe tunayaleta. La kwanza ni sindano za steroidi kama deksamethasoni, ambazo mbwa anachomwa kwa kila muwasho na kila uvimbe. Zinapandisha sukari, na kwa mbwa aliyekuwa ukingoni zinamtumbukiza. La pili linahusu wilaya hii moja kwa moja. Rungwe ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na katika nchi ya ng'ombe wa maziwa dawa ya kuogeshea kupe haikosekani nyumbani. Ikibaki kwenye ndoo, mbwa naye anaogeshwa. Zile zenye amitrazi zinazuia kongosho kutoa insulini na kupandisha sukari ya damu. Mbwa mwenye kisukari asiogeshwe nazo kamwe. Muulize muuzaji wa duka la dawa za mifugo kilichomo ndani ya chupa, na kama lebo imechanika, usimtumie mbwa.

Turudi kwa Popi. Tuseme hakuna aliyemwona, au waliona wakasema ni uzee. Siku moja sikukuu inafanyika nyumbani, na mafuta ya kitimoto yaliyobaki anatupiwa yeye. Kongosho inavimba. Kesho yake hataki kula. Anatapika. Analala pembeni, anapumua kwa nguvu na kwa kina, ingawa hakukimbia. Ukivuta ngozi ya shingo ukaiachia, inakaa juu kama imesahauliwa. Fizi ni kavu, zinanata kidoleni. Na ukikaribisha pua mdomoni mwake unasikia harufu tamu isiyopendeza, kama ya tunda lililoanza kuchacha au ya dawa ya kufutia rangi ya kucha.

Mfugaji wa Rungwe harufu hiyo anaijua. Ni ya ng'ombe aliyezaa wiki tatu zilizopita, anayetoa maziwa mengi, ambaye ghafla anasusa pumba, maziwa yanapungua, na pumzi yake inanuka hivyo. Mtaalamu wa mifugo anamwekea dekstrosi kwenye mshipa na ng'ombe anarudi kula. Harufu ile ni ya ketoni, na ketoni hutokea mwili unapochoma mafuta yake kwa pupa kwa kukosa sukari ya kutumia. Kwa ng'ombe sukari imekosekana kweli, imekwenda kwenye maziwa. Kwa mbwa wa kisukari sukari imejaa kwenye damu, lakini insulini ya kuiingiza kwenye seli hakuna, basi seli zinakufa njaa katikati ya wingi. Harufu ni moja, chanzo ni tofauti, na hapa ndipo mtu mwenye nia njema anaweza kuua. Ukimwekea mbwa huyu dekstrosi peke yake kwa kuwa ng'ombe wa jirani alipona nayo, unamwongezea moto.

Hii ni dharura ya kwanza. Haitibiwi nyumbani, na sitaki mtu yeyote ajaribu baada ya kunisikiliza. Kazi ya mwenye mbwa ni kumwahisha. Halmashauri ina daktari wa mifugo. Mbeya mjini ni kama kilomita 70 kwa barabara ya lami. Mbwa asiambiwe asubiri soko la kesho. Usimlazimishe maji kwa chupa kama anatapika. Wala usimdunge insulini ya bibi iliyoko kwenye friji, hata kama umeona kipimo kimeandika namba kubwa. Kwa wataalamu wa mifugo wanaotusikiliza kule Mwakaleli, Masoko na Kiwira, ambao huenda wakaletewa mbwa wa hivi bila maabara ya maana karibu, mpangilio ni huu: maji kwanza. Dripu ya chumvi ya kawaida ndiyo inaanza, kwa sababu mbwa huyu amekojoa maji yote ya mwili wake, na hata bila insulini sukari itaanza kushuka figo zikipata maji. Potasiamu inafuata, maana insulini inaisukuma potasiamu iliyobaki kuingia ndani ya seli, damu inabaki haina, misuli inalegea na moyo unaweza kusimama. Insulini ya kazi fupi inakuja baada ya hapo, kidogo kidogo, kwa kupima. Na sukari ikishuka mpaka karibu na 14 kwenye kipimo, insulini isikatwe. Dekstrosi inaongezwa kwenye dripu ili insulini iendelee kuzima ketoni. Wengi hukosea hapo: wanaona namba nzuri ya sukari, wanafunga kazi, na ketoni bado zipo.

Tuseme Popi amepona. Ameanzishiwa insulini ya kazi ya kati, mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12, pamoja na chakula. Sasa anaikabili dharura ya pili, na hii hutoka mikononi mwetu wenyewe. Mara nyingi hutoka kwenye bomba la sindano.

Hapa naomba usikilize kwa makini hata kama huna mbwa, kwa sababu yanawahusu pia wenye wagonjwa nyumbani. Insulini ya binadamu inayouzwa kwenye maduka ya dawa ina uniti 100 katika mililita moja. Iko insulini ya mifugo yenye uniti 40 katika mililita moja, na bomba lake ni lake. Mbwa wa kilo 20 huanzishiwa uniti kama 5. Kwa insulini ya uniti 100, uniti 5 ni sehemu moja ya ishirini ya mililita. Ni tone. Bomba dogo la insulini lina mistari ya kuonyesha tone hilo, lile jembamba lenye sindano fupi kama unywele. Bomba la kawaida la mililita 5, lile la kuchomea ng'ombe, halina. Mstari wake mdogo kabisa ni mililita 0.2, ambayo ni uniti 20, mara nne ya dozi. Mtu akivuta nusu mililita kwa kuona ni kidogo mno kumdhuru mnyama mkubwa, ameshavuta uniti 50. Basi kama bomba la insulini halipo dukani siku hiyo, mbwa asidungwe kabisa. Kukosa dozi moja hakumuui. Dozi mara kumi inamuua kabla jua halijazama.

Na si bomba peke yake. Bwana amemdunga saa moja asubuhi akaenda shambani, mama akarudi sokoni akamdunga tena kwa kudhani hajadungwa. Au amedungwa na hakula. Au amekula, akatapika. Au siku hiyo amewafuata vijana kuwinda mpaka pembeni ya msitu wa Mlima Rungwe, mwendo wa nusu siku, na misuli ikaitumia sukari yote. Bandika karatasi jikoni na kalamu ya kamba: tarehe, saa, dozi, amekula au hakula, nani amedunga. Na utaratibu uwe huu, ale kwanza ndipo adungwe. Akisusa chakula, usimpe dozi yake kamili, mpigie daktari.

Sukari ikishuka, mbwa hubadilika haraka, kwa dakika, si kwa siku. Kwanza ana njaa ya ajabu na hatulii. Halafu anakuwa kama haijui nyumba: anasimama ukutani, ukimwita anageuka upande mwingine. Miguu ya nyuma inayumba. Misuli ya uso inarukaruka. Baadaye anaanguka, anatetemeka mwili mzima, na mwisho anazimia. Kipimo cha sukari cha binadamu kinafaa, ingawa damu ya mbwa hukifanya kisome chini kidogo kuliko ilivyo kweli. Tone la damu linapatikana ukingoni mwa sikio, kwa ndani, baada ya kulipasha sikio kwa kiganja, maana asubuhi za Juni hapa Tukuyu masikio ya mbwa ni baridi na damu haitoki. Chini ya 3.3 ni hatari. Lakini kama kipimo huna, usikitafute kwa majirani huku mbwa anatetemeka. Mbwa unayejua amedungwa insulini, akiyumba au akianguka, mpe sukari kwanza. Ukikosea, umempandisha kidogo kwa saa chache. Usipompa na kumbe imeshuka, ubongo unakufa.

Namna ya kumpa iko hivi. Kama yuko macho na anameza, mpe chakula chake mara moja, uji wenye sukari, ugali laini na maziwa, chochote atakachokila haraka. Kama hawezi kula lakini ana fahamu, chukua asali au glukosi ya pakiti uliyoikoroga na maji kidogo iwe nzito, umpake kwenye fizi na ndani ya shavu, kidogo kidogo, aimeze mwenyewe. Kijiko cha chai kwa kila kilo tano za uzito wake ni kipimo cha kuanzia. Kama amezimia, usimmiminie kitu mdomoni: kitakwenda kwenye mapafu, na utakuwa umemtoa kwenye hatari moja ukamtia kwenye nyingine. Paka fizi tu, kwa ncha ya kidole na nje ya meno, mlaze kwa ubavu, mfunike blanketi, na gari liwe linatafutwa wakati huohuo. Akiwa kwenye degedege vidole vyako visipite kati ya meno yake, maana taya hujifunga bila mbwa mwenyewe kujua. Kwa daktari, dekstrosi ya mshipa sasa ndiyo dawa, ileile ya ng'ombe, ila ya asilimia 50 haiingizwi hivihivi kwenye mshipa mdogo wa mbwa; inazimuliwa kwanza na kuingizwa polepole.

Akisimama, kazi haijaisha. Asali hufanya kazi muda mfupi, insulini iliyomo mwilini inaendelea kwa saa nyingi. Mpe mlo kamili mara tu atakapoweza, kisha umwangalie na umlishe kidogo kila baada ya saa mbili au tatu mpaka kesho. Dozi inayofuata asipewe kabla daktari hajasema, na huenda akaipunguza.

Hapa lazima nirudi kwa wale watu wa mawe, kwa sababu nimesema mpake fizi, na sitaki mtu apeleke mkono kwenye mdomo wa mbwa mwenye kichaa kwa ajili ya maneno yangu. Mambo niliyoyasema ni kwa mbwa wako, unayemjua, aliyechanjwa dhidi ya kichaa, ambaye unajua ana kisukari. Mbwa mgeni anayetokwa mate, sauti imebadilika, taya limelegea, anauma vijiti na hewa, au mbwa wako mwenyewe ambaye hajachanjwa na tabia imebadilika kwa siku kadhaa bila kupata nafuu, huyo usimguse. Mfungie kama inawezekana kwa usalama, ondoa watoto, mwite mtaalamu wa mifugo. Mtu akiumwa au mate yakiingia kwenye kidonda, oshea sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, na uende hospitali siku hiyohiyo. Kwa hiyo chanjo ya kichaa inamlinda mbwa mara mbili: inamkinga na ugonjwa, na inakupa wewe ruhusa ya kumsaidia siku akianguka.

Watoto wa mbwa nao wana dharura yao ya sukari, na hiyo haihitaji kisukari. Mtoto wa wiki tano, minyoo imejaa tumboni, mama hana maziwa, usiku wa Julai na ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Ini lake dogo halina akiba. Asubuhi unamkuta baridi, amelegea, anapiga miguu kama anaogelea. Mpashe moto kwanza, kifuani ndani ya koti au kwa chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa, na wakati unampasha mpake glukosi kwenye fizi tone kwa tone. Akishapata joto ndipo anyonye. Tumbo la mtoto aliye baridi halisagi maziwa, yanabaki mle yakichacha.

Jambo jingine nilitaje kwa ufupi: peremende na bablishi zisizo na sukari, zenye utamu wa zailitoli. Mbwa mzima wa afya akizimeza, kongosho yake hutoa insulini kwa wingi na sukari inaporomoka. Ini nalo linaweza kuharibika. Kwa watu hazina neno. Kwa mbwa ni sumu, na matibabu ni ya daktari siku hiyohiyo.

Kuhusu kuitunza insulini, Tukuyu ina bahati ambayo Kyela haina. Kichupa kilichofunguliwa kinaweza kukaa nje ya friji wiki nne hivi mahali pasipozidi joto la nyuzi 25, na nyumba nyingi za huku juu hazifiki hapo sehemu kubwa ya mwaka. Kiweke kabatini, mbali na jiko na dirisha la jua. Kule chini, karibu na Ziwa Nyasa, dawa hiyohiyo itaharibika mapema, basi anayeshuka nayo aibebe ndani ya chombo cha baridi. Isigande kamwe. Na ile insulini ya mawingumawingu usiitikise kama dawa ya kikohozi. Ibingirishe kati ya viganja mpaka iwe na rangi moja.

Swali la kuitoa wapi ni gumu, na nitasema ninavyoliona. Insulini iliyoko kwenye zahanati na hospitali ni ya wagonjwa. Kuna watoto katika wilaya hii ambao maisha yao yote yanaitegemea. Nesi asiombwe kichupa cha mbwa kwa urafiki. Mwenye mbwa anunue duka la dawa kwa cheti cha daktari wa mifugo, kwa fedha yake, na ajue kabla ya kuanza kwamba atanunua mwezi baada ya mwezi mpaka mwisho wa mbwa huyo, pamoja na mabomba. Kama hawezi, aseme mapema. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na kumwacha mbwa akauke na kutapika wiki nzima nyuma ya banda ni mateso. Daktari wa mifugo anaweza kumlaza kwa sindano isiyo na maumivu. Mtu asionewe aibu kwa kuchagua hivyo. Ninachokataa ni kuanza matibabu, kuyaacha katikati, kuyaanza tena siku fedha ikipatikana, maana njia hiyo ndiyo inayomrudisha Popi kwenye dharura zote mbili kwa zamu.

Kwa aliyeamua kumtibu, siku utakayompeleka kwa daktari, mchana au usiku wa manane, nenda na vitu hivi. Ile karatasi ya jikoni. Kichupa cha insulini chenyewe na bomba unalolitumia, si maelezo yake. Cheti cha chanjo ya kichaa. Uzito wake wa mwisho, hata ule wa mizani ya viazi au ya chai. Mkojo kidogo kwenye chupa safi, kama umebahatika kuukinga. Na umwambie daktari mambo matatu kabla ya yote: amedungwa saa ngapi, uniti ngapi, na mara ya mwisho amekula nini.